Hasira Isiyo na Mshenga

Zilikuwa zimebaki siku tatu Krismasi ifike, na stendi ya Moshi ilikuwa imefurika kama inavyofurika kila Desemba Wachaga wanapopanda kwao. Gari la Marangu lilishajaa, lakini konda alikuwa bado anaita abiria kana kwamba viti huota. Mama mmoja, amepakata kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, alidai chenji yake ya shilingi mia tano. Konda akasema subiri. Mama akadai tena, kwa upole. Kijana akageuka, uso umemvimba: "Mama, usinivuruge. Nimeshavurugwa tangu alfajiri."

Baba mmoja wa makamo akamkaripia konda kwamba mama hasemeshwi hivyo. Dada wa kiti cha nyuma akamkaripia baba kwamba anampigia kelele sikioni. Dereva akapiga honi kumnyamazisha mtu ambaye hatukumjua. Tulipofika Kiboriloni watu wasiofahamiana walikuwa wamegombana mara tatu, na chenji hakuna aliyeikumbuka isipokuwa mwenyewe.

Nimekuwa nikilitafakari neno la yule konda. Kiswahili kina maneno mengi ya ukali wa moyo, na yale ya zamani humwachia mwenye moyo mzigo wake. Mwenye kisirani amekuja nacho. Mwenye gubu ndiyo tabia yake. Kinyongo mtu hukiweka mwenyewe, akakilea. Hata hasira zikimpanda mtu, ni hasira zake. Kuvurugwa ni kitu kingine: kuna aliyevuruga, naye hayupo. Mtu wa mlimani anaelewa upesi. Ng'ombe wa jirani wa juu akikanyaga mfongo, yaani mfereji wa maji, wa chini huchota tope, na akipanda kumtafuta aliyekanyaga hamkuti. Mama yule hakumvuruga konda. Alikuwa tu wa kwanza kufika na ndoo.

Malalamiko kwamba watu wamekuwa wakali si ya Moshi peke yake. Shirika la Gallup la Marekani, ambalo kila mwaka huwauliza watu wa nchi nyingi walivyojisikia jana yake, liliripoti kwamba mwaka 2021 watu wazima kama wanne katika kila kumi walikuwa wamepata msongo mkubwa siku iliyotangulia. Hesabu hiyo naipokea, ila swali lenyewe linanitia shaka. Linamuuliza mtu mmoja mmoja, jana wewe ulisikia nini, kana kwamba ukali hukaa ndani ya mtu kama minyoo na kazi iliyobaki ni kuhesabu walio nayo. Mila nilizokulia karibu nazo ziliuliza kwa namna nyingine: kati ya huyu na huyu kuna nini?

Kijana akitaka kuoa haendi mwenyewe kutoa posa. Hutumwa mshenga, mtu anayeweza kuzungushwa, kutozwa faini na kurudishwa nyumbani mikono mitupu bila undugu kuvunjika, kwa kuwa maneno aliyoyabeba si yake. Nadhani hasira nayo ilikuwa na washenga wake. Baadhi walikuwa watu, wengine majani, wengine nguo, wengine maji. Kazi yao ilikuwa kupokea pigo la kwanza. Sioni kwamba mioyo yetu imeoza kuliko ya babu zetu. Naona washenga wamepungua, na hasira siku hizi inajipeleka yenyewe hadi mlangoni.

Mshenga mashuhuri wa Kilimanjaro ni mmea. Sale, au isale, una majani marefu ya kijani, hukua wima bila kubembelezwa, na ukikata kijiti chake ukakichomeka ardhini huota. Wachaga huupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yao ya migomba, na penye makaburi ya wazee. Jani hilohilo hufungwa fundo likapelekwa kwa mtu aliyekosewa. Mkosaji haanzi na maelezo, hasemi "lakini na wewe ulinijibu vibaya." Anakwenda, au anamtuma mtu, na jani. Kwa mila, anayeletewa sale halikatai. Uchungu unaweza kuwa bado umemkaa kifuani, ila mkono umeshapokea.

Watu wa nje wakielezwa habari hii husifia msamaha. Mimi kinachonishangaza ni mpaka. Mmea unaosema "mwisho wako ni hapa" ndio huohuo unaosema "nisamehe." Waliopanga hivyo walikuwa wakulima wenye majirani pande zote nne, kwenye mteremko ambao vihamba vimebanana kama punje za mahindi. Walijua kwamba atakayekuudhi si mtu wa Rombo wala wa Siha. Ni yule mnayepakana naye, ambaye mgomba wake umeinamia kwako na mbuzi wake hajui kusoma mpaka. Basi wakaipanda dawa palepale ugonjwa unapoanzia. Ukikosana na jirani usiku, jani la kumwombea radhi liko hatua chache kutoka mlangoni pako, na pengine mlilipanda pamoja.

Jani hufungua tu. Kinachoketisha watu ni mbege, pombe ya ndizi, na hapa kuna jambo ambalo wanaoandika juu ya mila hulipita haraka. Mbege haipikwi leo ikanywewa leo. Ndizi huivishwa kwanza, zikachemshwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao huoteshwa, ukakaushwa, ukasagwa. Kisha ndipo viwili hivyo vikutanishwe. Mwenye pupa hapati mbege, anapata uji. Kwa hiyo kati ya siku ya kosa na siku ya kikao hupita siku nyingi ambazo hakuna aliyeziomba. Wala hakuna mzee aliyelazimika kumwambia mtu aliyefura "kwanza tulia," maneno ambayo, kama tunavyojua sote, humwongezea mtu hasira. Mzee alisema tu kwamba mbege haijawa tayari. Siku ikifika kata hupita kwa zamu, na ni vigumu kumkunjia uso mtu ambaye midomo yenu imegusa kata moja.

Zamu ilitawala maji pia. Mamia ya mifongo iliyochimbwa kwa mikono ilileta maji kutoka kwenye mito ya msituni hadi vihambani, na kila mfongo ulikuwa na wenyewe, na msimamizi, na utaratibu wa nani afungulie lini. Mtu aliyekosa maji hakumchukia jirani; alilalamikia zamu. Hilo nalo lilikuwa mshenga.

Ila nisiuze mlima kwa bei isiyo yake. Katika karne ya 19 watawala wawili, Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho, walikuwa mahasimu wakubwa, na masale yaliota pande zote mbili za uhasama wao. Mmisionari Mlutheri Bruno Gutmann na ofisa wa Kiingereza Charles Dundas, ambaye kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake kilitoka mwaka 1924, waliandika habari za laana na viapo vya Wachaga pia. Mlima uliokuwa na jani la kusamehe ulikuwa na chungu cha kulaania. Halafu kuna suala la nani alipelekewa jani. Mke aliyekimbia kipigo akarudi kwao, akifuatwa na wazee wa upande wa mume na sale mkononi, alikuwa na nafasi gani ya kusema sitaki? Jani lisilokatalika ni zuri kwa watu walio sawa. Kwa asiye sawa ni kamba. Wanaotaka tuyarudishe masale yote kama yalivyokuwa wajibu kwanza swali hilo, na walijibu mbele ya shangazi zao.

Pwani walitafuta mshenga wa namna nyingine kabisa. Kwenye miji ya Waswahili, kupaza sauti ni kushindwa. Muungwana anayefokea watu barabarani ameshajivua nguo. Lakini hasira zipo Mombasa na Unguja kama zilivyo Kibosho, na lazima zipite mahali. Zikapita kwenye kanga. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 nguo hizo zimevaliwa pwani, na maandishi yake, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha za Kirumi, yakawa mdomo wa pili wa mwanamke. Aliyechokozwa na jirani au na mke mwenza haendi kugombana. Anakwenda dukani, anachagua jina la kanga linalomfaa adui yake, anajifunga, anapita uchochoroni taratibu. Mwenzake anasoma. Akiuliza, "Umenikusudia mimi?" amekwisha, maana jibu liko tayari: mwenzangu, mimi nimenunua nguo. Kwenye taarabu ni vivyo hivyo: mwimbaji anaimba, na mwanamke anayenyanyuka kumtunza penye ubeti fulani ameshasema yote bila kufungua kinywa.

Weka kanga na sale pamoja uone walivyofikiri tofauti. Sale husema: nimekosa. Kanga husema: umekosa, na wewe unajijua. Sale hufunga shauri. Kanga haifungi chochote, hulihifadhi shauri likiwa baridi, pengine kwa miaka, na kuna nyumba za pwani ambazo masanduku yake ya kanga ni kumbukumbu kamili za vita vya mtaa. Kwa mtu wa mlimani huo ni unafiki. Kwa mtu wa pwani, jani linalomlazimisha mtu kusamehe kabla moyo haujakubali ndilo lenye unafiki. Nikilazimishwa kuchagua, kwa kosa kubwa nitaomba sale. Kwa zile karaha ndogondogo za kila siku, zisizostahili kikao wala pombe, nadhani pwani walituzidi. Mtu anahitaji mahali pa kusema "umeniudhi" pasipomlazimu mtu yeyote kufa. Huku kwetu kanga tunazo tele, sokoni Mbuyuni zinapangwa kwa rangi hadi macho yanauma, lakini twazifunga zaidi kuliko tunavyozisoma.

Kati ya mlima na pwani wapo Wapare, na kati ya Wapare na Wachaga kuna utani. Mchaga ataambiwa angefufuka kaburini akisikia sarafu imedondoka. Mpare ataambiwa yuko tayari kuuza ng'ombe wawili apate nauli ya kwenda mahakamani kudai ng'ombe mmoja. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala iliyokuja kujulikana sana juu ya utani, akieleza kwamba ni uhusiano ambao mmoja ana ruhusa ya kumchokoza mwenzake na mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Ruhusa ile ndiyo iliyobeba uzito. Jirani ambaye kweli anakukera unaweza kumwambia ukweli wote, na mkacheka, na ukweli ukabaki umesemwa. Ila utani unataka macho kwa macho. Andika maneno yaleyale kwenye kundi la simu lenye watu 200 na utaona: asubuhi watano wamejitoa, mmoja ameanza kunukuu katiba ya kikundi.

Hadi hapa washenga wote walikuwa nje ya mtu. Zipo mila zilizomtaka mtu ajitume mshenga mwenyewe, kutoka upande mmoja wa nafsi hadi mwingine. Seneca, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika vitabu vitatu juu ya hasira na kumpelekea kaka yake Novatus. Dawa aliyoitegemea kuliko nyingine ni kuchelewa: mwanzoni usiiombe hasira isamehe, iombe ipime kwanza. Alieleza pia kwamba usiku, taa ikizimwa na mkewe akinyamaza, alikuwa akijiweka kizimbani na kuipitia siku yake nzima, alimfokea nani bila sababu, wapi alizidisha. Wasomaji wa Biblia wa Moshi, ambao si wachache, wanamfahamu yule kaka bila kujua. Baadaye aliitwa Galio, naye ndiye liwali wa Akaya katika Matendo ya Mitume sura ya 18, aliyeletewa ugomvi akaufukuza mahakamani, na watu walipompiga Sosthene mbele yake hakujali. Sijui kama vitabu vya mdogo wake vilimfundisha utulivu au vilimfundisha kutojali. Mpaka kati ya viwili hivyo haujapandwa masale.

Uislamu nao huanza na mtu mmoja, lakini kwa busara ya mwili. Katika hadithi za Mtume aliyekasirika akiwa amesimama huagizwa akae, na hasira zisipoondoka, ajilaze. Nyingine huagiza udhu, kwa maelezo kwamba hasira ni za shetani, shetani ameumbwa kwa moto, na moto huzimwa kwa maji. Seneca anamtaka mtu ajadiliane na nafsi yake wakati ambapo nafsi haijadiliki. Agizo hili linajua kwamba mtu aliyesimama yuko karibu na ngumi kuliko aliyeketi, na kwamba aliyekwenda kutafuta birika tayari ametoka chumbani. Birika na mbege vinafanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba moja huchukua dakika na nyingine wiki.

Sasa turudi Moshi, tuulize washenga hawa walipatwa na nini.

Sensa ya 1967 ilihesabu watu takriban 650,000 mkoani Kilimanjaro. Ya 2022 ilihesabu 1,861,934. Mlima haukuongezeka. Kwa mila ya urithi mtoto wa kwanza na wa mwisho ndio waliotazamiwa kupata ardhi ya baba, wa mwisho akibaki na nyumba na wazazi. Wa katikati walitakiwa wajitafutie, na zamani kulikuwa na pa kujitafutia. Kihamba kikagawanywa, na vipande vikagawanywa tena, mpaka kuna ndugu wanaorithishana mistari ya migomba. Kahawa iliyowaunganisha wakulima tangu chama cha KNPA cha 1925 na mrithi wake KNCU wa 1933 ililipa karo na kujenga nyumba, kisha Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na watu wakaanza kung'oa miti ambayo baba zao waliipanda. Kijana wa katikati akashuka mjini. Wengine ni madereva wa bodaboda, wengine ni makonda, wengine wamekwenda mbali wakafungua maduka ambako kila mteja huwaita Mangi, cheo ambacho babu zao hawakuwahi kukipata.

Huyo kijana mjini hana mpaka anaopakana nao na mtu. Kwa siku moja anakutana na watu mia mbili ambao hatawaona tena, na hakuna jani linalofaa kwa mtu utakayeachana naye Himo. Deni lake nalo limebadilika tabia. Zamani ulidaiwa na mwenye duka, ukapita njia nyingine wiki mbili, mkakutana msibani mkasalimiana kwa aibu; njia ile nyingine ilikuwa mshenga. Mikopo inayoitwa kausha damu hailali. Ile ya kwenye simu ilikuwa mbaya zaidi: ukichelewa, ujumbe ulikwenda kwa shemeji, kwa bosi, kwa mwalimu wa kwaya, kwa kila namba uliyokuwa nayo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Konda anayesema amevurugwa tangu alfajiri, mimi humuuliza kwanza simu yake iliita saa ngapi.

Ofisi na hospitali zina jina jipya la hali hii, msongo wa mawazo, na mshenga mpya, mshauri nasaha. Namheshimu. Kumwambia mtu asiyekufahamu yanayokusonga, naye asiyabebe kwenda kwa jirani, ni huduma ambayo kijiji hakikuwahi kuwa nayo. Yule mke aliyefuatwa na jani angeihitaji. Lakini mshauri hukaa na mmoja. Konda akienda kwake atafundishwa kupumua, na atarudi stendi kupumua katikati ya watu wale wale.

Desemba ileile, baada ya gari lile, nilifika nyumbani nikamkuta bamdogo amejenga ukuta wa matofali kati yake na kaka yake. Una vipande vya chupa juu. Masale yaliyokuwa mpakani yalikatwa na fundi, yakatupwa kwenye mfongo uliopita nyuma ya nyumba, ambao siku hizi hauna maji isipokuwa masika. Kikao cha ukoo kilifanyika tarehe 27. Mbege ilinunuliwa, haikupikwa, kwa hiyo kila kitu kilikuwa tayari kabla ya watu, na wazee wawili waliondoka kabla kata haijawafikia. Bamdogo aliniambia kwamba yeye hana ugomvi na mtu, ukuta ni wa wezi tu.

Niliporudi mwezi wa tano, mvua zikiwa zimenyesha, nilipita nyuma kwenda shambani. Vile vijiti vilivyotupwa mfongoni vilikuwa vimeota, vimesimama kwenye tope katikati ya maji, mahali pasipo mpaka wa mtu. Hakuna aliyeving'oa. Na kwa vile majani yalikuwa mazima yote, hakuna aliyechuma.